Habari za Kivuko cha Kirumi na Daraja Lake



Jioni hii nataka kuwaeleza habari za mahali pamoja tu, mahali ambapo msafiri wa siku hizi hupita kwa muda mfupi sana, wala aghalabu hainui macho kupatazama. Panaitwa Kirumi. Ukitoka Mwanza kwa barabara kuu, ukapita Lamadi na Bunda, ukaiacha njia ya Butiama mkono wa kulia na njia ya mji wa Musoma mkono wa kushoto, ukazidi kwenda kaskazini kuelekea Tarime na mpaka wa Sirari, utateremka katika bonde pana lenye mafunjo mengi. Hapo utavuka Mto Mara juu ya daraja. Dereva hapunguzi sana mwendo, na abiria aliyesinzia tangu Bunda huendelea kusinzia.

Mimi ni mwalimu katika chuo cha kufundishia walimu. Kila mwaka wanafunzi wapya wanapofika, huwauliza kama yuko miongoni mwao aliyepata kungoja pantoni pale Kirumi. Hutazamana na kucheka, maana wengi wamezaliwa baada ya mwaka wa 2000. Wala mimi mwenyewe siwezi kujisifu, kwa kuwa nilizaliwa wakati daraja lile lilipokuwa kazi mpya. Basi mambo nitakayoyasema juu ya pantoni ya Kirumi niliyapata kwa wazee wangu, hasa kwa bibi yangu mzaa mama, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya kaskazini.

Kwanza yatupasa kuujua mto wenyewe. Mto Mara huanza katika nchi ya Kenya, katika milima ya Mau, na urefu wake wapata karibu kilomita 400. Hupita mbuga za Maasai Mara na Serengeti, na huko ndiko makundi ya nyumbu huuvuka kila mwaka bila pantoni wala daraja, na kwa maelfu hufa maji au huliwa na mamba. Watu hutoka nchi za mbali, wakalipa fedha nyingi, ili kutazama wanyama hao wakivuka. Sisi wa huku chini tuliuvuka mto ule ule, wala hakuna aliyekuja kututazama.

Ukitoka Serengeti mto huingia nchi tambarare, ukapoteza haraka yake. Maji hutawanyika ndani ya mafunjo na matete, hata mgeni asiweze kusema mto uko wapi na nchi kavu iko wapi. Kinamasi hicho ni kikubwa, chenye kamongo na kambale, viboko na ndege wa namna nyingi, na wenyeji huvua humo na kukata mafunjo ya kusukia mikeka. Halafu karibu na Kirumi nchi huinuka pande zote mbili, na maji yaliyotawanyika hukusanywa tena katika njia moja nyembamba kabla ya kufunguka katika Ghuba ya Mara na Ziwa Victoria. Ndiyo sababu watu walichagua kuvukia hapo. Juu yake ni kinamasi, chini yake ni ghuba.

Zamani njia kuu ya nchi hii haikuwa barabara. Ilikuwa ziwa. Reli ya kutoka Mombasa ilifika pwani ya ziwa, mahali paitwapo sasa Kisumu, mwaka wa 1901, na tangu hapo meli zilizunguka bandari za ziwa, na Musoma ikawa mojawapo. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka wa 1928. Pamba, ngozi na samli vilikwenda kwa maji. Mtu wa miguu aliyetaka kuvuka Mto Mara aliita mwenye mtumbwi, wakapatana, akavuka na mbuzi wake. Walakini motokaa zilipozidi, mtumbwi haukufaa tena. Mtu aweza kuketi ndani ya mtumbwi, lori haliwezi. Hapo ndipo nchi nyingi zetu zilipoingia katika zama za pantoni, si Mara tu, bali Rufiji, Kilombero, Kagera na kwingineko.

Labda wako wasikilizaji ambao hawajapata kuona pantoni ya mto ya namna ya zamani. Ni jahazi bapa la chuma, au maboya makubwa yaliyofungwa pamoja na kutandikwa mbao juu, lenye mlango wa kulaza mbele na nyuma ili gari lipande na kushuka. Kamba ya chuma hunyoshwa toka ukingo hata ukingo, ikafungwa kwenye nguzo imara, na chombo hushikamana na kamba hiyo kisije kikachukuliwa na mkondo. Wavushaji huivuta kamba kwa mikono, au kwa mti uliochongwa pengo la kuikamata, wakienda hatua kwa hatua na kuimba. Mwenye ujuzi huligeuza jahazi upande kidogo, hata nguvu ya mkondo yenyewe ikalisukuma ng'ambo. Baadaye zilikuja pantoni za mashine. Kazi hiyo yataka macho. Lori likipanda vibaya jahazi huinama, na mafunjo yaliyong'olewa na mafuriko huja yakielea kama kisiwa kizima, yakaisukuma kamba mpaka ikalia.

Basi pantoni ina sheria zake, wala hazikuandikwa na mtu. Maji yakijaa sana, gati huzama na kazi husimama. Maji yakipungua sana, jahazi hukwama kabla ya kufika ukingoni. Tena usiku huifunga nchi, kwa kuwa hakuna mwenye akili atakayevusha lori gizani katika mto wenye viboko na visiwa vya mafunjo. Tangu jua kuchwa hata alfajiri, nchi ya kaskazini ya mto na nchi ya kusini yake zilikuwa nchi mbili.

Katika miaka ya 1961 hata 1964 mvua zilinyesha mno katika Afrika ya Mashariki, na maji ya Ziwa Victoria yakapanda zaidi ya mita 2. Wazee wetu huziita mvua za Uhuru. Ziwa likipanda, mito yote iingiayo ndani yake hurudishwa nyuma, na kinamasi cha Mara kikapanuka, kikala mashamba. Baada ya mvua hizo ndipo yalipotokea mambo ambayo bibi alinisimulia mara moja tu, nami nikiwa mtu mzima.

Mwaka wenyewe hakuweza kuutaja, ila alisema mama yangu alikuwa amekwisha kuwa msichana wa kuchota maji. Bibi alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka miwili, ambaye angekuwa mjomba wangu. Akashikwa na surua, kisha kifua. Tarime akaandikiwa karatasi ya kumpeleka hospitali ya Musoma. Akapanda lori la mihogo, na lori likapata pancha njiani, hata walipofika Kirumi jua lilikuwa limekwisha kuchwa, na pantoni imefungwa ng'ambo ya pili. Hakuna aliyekosa hapo. Mto ulikuwa umejaa, na mafunjo yalipita usiku kucha.

Watu wa lori walipiga kelele. Baada ya kitambo taa ya kandili ikatokea ng'ambo, na sauti ikasema, "Subirini kupambazuke!" Bibi akaitambua sauti ile, kwa kuwa mwenyewe alikuwa mmoja wa wavushaji, na bibi alizoea kumwuzia maziwa. Akamwita kwa jina, akamwambia habari za mtoto. Taa ikazimika. Watu wakadhani amerudi kulala. Lakini usiku wa manane wakasikia kafi majini, naye akaja katika mtumbwi, peke yake, akampakia bibi na mtoto, akawavusha.

Wakafika ng'ambo salama. Na hapo, wasikilizaji, hapakuwa na gari. Magari yote yaliyokwenda Musoma yalikuwa yamekwisha kuondoka mchana, na magari mengine yalikuwa nyuma yao, upande wa kaskazini, yakingoja pantoni. Mvushaji akakoka moto, akawapa blanketi lake, wakaketi. Mtoto alifariki jogoo walipowika. Kulipopambazuka pantoni ikafanya safari yake ya kwanza, na mvushaji yule akamrudisha bibi kaskazini pamoja na maiti ya mtoto, akakataa nauli.

Nimeisimulia habari hii kwa sababu vitabu hueleza daraja kwa mita na kwa shilingi, navyo husema kweli, ila havisemi mtu mmoja alipata nini. Mtu mwema mwenye mtumbwi alimvusha bibi yangu. Hakuweza kuvusha lori. Nami naona tofauti yote ya pantoni na daraja imo ndani ya usiku ule.

Daraja la Kirumi lilijengwa katika miaka ya 1980. Kumbukeni hali ya wakati huo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka wa 1977, na mwezi wa Februari mwaka huo mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, usifunguliwe mpaka Novemba 1983. Kwa muda wa miaka karibu saba barabara ya kaskazini ilikuwa kama njia ya kwenda ukutani. Ndugu wa Tarime waliokuwa na jamaa zao Migori waliwaona kwa shida au kwa kujificha. Mpaka ulipofunguliwa, haja ya njia isiyolala ilizidi. Leo mahindi, samaki, ng'ombe, saruji na mafuta ya mashine za mgodi wa dhahabu wa North Mara hupita katika barabara hiyo mchana na usiku.

Na kama mtu ana shaka juu ya thamani ya daraja, namwomba atazame Kagera, ng'ambo ya pili ya ziwa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Tanzania, na mwanzo wa Novemba yakalivunja daraja la Kyaka katika Mto Kagera. Kwa kitendo kimoja nchi ya kaskazini ya mto ikakatwa na nchi nyingine. Askari wetu, na wengi miongoni mwao walikuwa vijana wa Mara, hawakuweza kuyafukuza majeshi hayo mpaka walipoyavuka maji kwa daraja la muda. Adui alijua vema alichokivunja.

Mimi nalianza kulitazama daraja letu kwa macho mengine mwezi wa Oktoba 1999. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka wa 1922, alifariki London tarehe 14, akazikwa kwao Butiama tarehe 23. Nilikuwa mvulana wa shule. Siku zile magari yaliyotoka Sirari na Tarime, na mengine ya Kenya, yalipita Kirumi mfululizo, na usiku taa zake zilionekana kutoka mlimani kama mstari usiokatika. Mzee mmoja aliyesimama nasi akaanza kuhesabu kwa vidole pantoni ingehitaji safari ngapi kuvusha magari yale, na ilipofika mkono wa pili akaacha, akasema wangefika matanga yamekwisha.

Sitaki kudanganya, ingawa: daraja huwa na wanaoumia nalo. Kila kivuko ni soko. Gari likingoja saa mbili, abiria hula. Huuziwa chai, mihogo ya kuchemsha, ndizi, samaki wa kukaanga, na mtoto mwenye kikapu cha mayai hupata karo yake. Nimeyaona haya kwa macho yangu, si Kirumi, bali Busisi, katika Mkoa wa Mwanza, ambako kwa miaka mingi mtu wa Musoma au Bunda aliyekwenda Geita kwa kupitia Mwanza alivuka Ghuba ya Mwanza kwa pantoni toka Kigongo.  Tarehe 7 Desemba 2019 Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi la daraja pale. Yeye alifariki Machi 2021, na tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akalifungua, nalo lina jina la marehemu. Urefu wake ni kama kilomita 3, na gharama yake ilipita shilingi bilioni 700. Njia iliyokuwa ikila saa moja na kungoja kwake, pengine zaidi, sasa huchukua dakika chache.

Wiki chache kabla ya kufunguliwa kwake nilivuka kwa pantoni, kwa makusudi. Mama mmoja muuza samaki aliniambia amesomesha watoto wanne kwa foleni ile. Nikamwuliza, "Basi mama, daraja hulitaki?" Akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga, akajibu, "Mwalimu, binti yangu alijifungulia humu ndani ya pantoni. Nalitaka. Ila waniambie nitauza wapi." Swali lake ni la haki, na wanaojenga madaraja wangefanya vema kuliweka katika hesabu pamoja na saruji na chuma, wakatenga mahali pa soko kwenye barabara mpya. Wavushaji nao vivyo hivyo. Ni watu wenye ujuzi wa maji, na siku daraja linapofunguliwa ujuzi huo hauna mnunuzi.

Tena vivuko havijakwisha katika nchi yetu ya Mara. Mtu wa Kinesi avukaye kwenda Musoma mjini bado huvuka ghuba kwa chombo mpaka Mwigobero, kwa kuwa kuzunguka kwa barabara kupitia Kirumi ni safari ndefu. Na upande wa Bunda, barabara ya rasi hukomea Kisorya, msafiri wa Ukerewe akapanda kivuko kwenda Rugezi. Watu hao wanajua kungoja ni nini. Wanajua pia hatari yake. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kikiwa kimejaza watu kupita kiasi, kilipinduka karibu kabisa na gati ya Ukara, na watu zaidi ya 220 walikufa, wengi wakiwa wametoka sokoni Bugolora. Nchi kavu walikuwa wakiiona. Kisiwa cha mbali hakijengewi daraja, naam. Lakini chombo chema, hesabu ya abiria iliyo ya kweli, na mtu asiyeogopa kusema "kimejaa" ni vitu vinavyowezekana.

Nirudi Kirumi nimalize.

Mwaka wa 2009 bibi aliugua ghafula, usiku. Tukapata gari dogo kijijini, tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa chake juu ya mapaja yangu, tukaishika barabara ya Musoma. Bibi alikuwa na desturi moja ambayo sisi watoto tuliicheka tangu zamani: kila alipokwenda Musoma kwa basi hakusinzia hata kidogo mpaka mto uwe umepita, na juu ya daraja alikuwa kimya, hata ukimsemesha hajibu. Usiku ule alikuwa na homa kali, macho yamefumba. Tukateremka bondeni. Magurudumu yakabadili sauti, tukawa juu ya daraja, kisha sauti ikarudi kama ilivyokuwa.

Akafumbua macho akauliza, "Tumefika wapi?"

Nikasema, "Tumekwisha vuka, bibi."

Akakaa kitambo. Akauliza, "Nani ametuvusha?"

Nikamjibu, "Hakuna mtu, bibi. Ni daraja."

Hakusema neno. Baadaye akauliza saa. Nikamwambia ni saa nane na dakika kumi za usiku. Tukafika Musoma kabla ya saa tisa, nao wakampokea. Akakaa hospitali siku sita, akapona. Siku ya kurudi nyumbani alikataa gari la usiku, akangoja basi la mchana, akaomba kiti cha dirishani, upande ambako mto unaonekana.